Jinsi ya kukadiria makabila ya kaunti ya mashambani: mfano wa Lamu

Ripoti nyingi za kaunti nchini Kenya huwa na aya moja inayotaja kabila lenye watu wengi, likifuatwa na la pili na la tatu, kila moja na asilimia yake. Ukiuliza asilimia hizo zilitoka wapi, mara nyingi hakuna anayejua. Kwenye sensa ya 2019 hazimo. Shirika la Takwimu la Kenya (KNBS) lilichapisha kabila kwa nchi nzima peke yake, katika Juzuu ya IV ya matokeo. Dini imo kwa kila kaunti, lakini kabila halimo. Hata 2009 ilikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1999 swali la kabila liliulizwa, ila majibu yakabaki kabatini. Sensa ya mwisho iliyotoa kabila kwa kila wilaya ni ya 1989.

Kwa hiyo anayekupa asilimia leo ananukuu 1989, au ametumia sampuli, au amekisia. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kukadiria kwa uaminifu, kwa kutumia vilivyochapishwa pamoja na kazi ya nyanjani ya wiki chache. Unamfaa afisa mipango anayeandika mpango wa maendeleo wa kaunti (CIDP), mjumbe wa bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, mwanahabari au mwanafunzi. Mfano wetu ni Lamu. Ni ndogo kiasi cha kuhesabika kwa kalamu na karatasi, na mchanganyiko wake unatosha kufichua kila kosa: Wabajuni, Waswahili wa Amu, Waarabu, Waaweer, Wasanye, Waorma, Wapokomo, Wagiriama, Wakikuyu, Wakamba, Wameru, Wajaluo, Waluhya, Wasomali, na wageni wenye nyumba Shela.

Kwanza, amua hesabu ni ya nini

Kuna matumizi mawili ya kisheria, na watu huyachanganya kila siku.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi zilizo wazi za ngazi ya kuanzia kazi ziwaendee watu wasiotoka katika kabila kubwa la kaunti hiyo. Zinahesabiwa nafasi zilizo wazi, wala si wafanyakazi wote, na ni za ngazi ya kuanzia tu. Bodi ikitangaza nafasi 40, angalau 12 ziende kwa wasio wa kabila kubwa. Zikiwa 37, asilimia 30 ni 11.1. Kwa kuwa sheria inasema "angalau", unapanda hadi 12, hushuki 11.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 7, ni jambo jingine. Inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Ikiwa na wafanyakazi 900, basi wasizidi 300 wa kabila lolote. Hapo huhitaji kujua kabila kubwa la kaunti ni lipi. Unahitaji orodha ya wafanyakazi peke yake. Ukaguzi wa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) hushughulika na orodha hizo.

Kama shida yako ni theluthi, acha mwongozo huu na uende ofisi ya rasilimali watu. Kama ni asilimia 30, unachohitaji kujua ni kabila lipi ni kubwa na kama limelizidi la pili kwa mbali kiasi cha kutobishaniwa. Huhitaji kujua kama ni asilimia 27 au 29. Ukianza na swali hili utaokoa wiki nzima ya kazi isiyo na faida.

Pili, shika idadi ya jumla na mipaka

Andika juu kabisa ya jedwali lako: Lamu, sensa ya 2019, watu 143,920. Lamu Mashariki 22,258, Lamu Magharibi 121,662. Jumlisha mwenyewe uone zinafika. Hesabu zako zote zitarudi hapa, na makadirio ya makabila yasipojumlika kuwa 143,920 kuna mahali umekosea.

Halafu angalia mipaka. Kaunti 47 zinafuata wilaya za sheria ya 1992, na zile za sensa ya 1989 zilikuwa chache kuliko hizo. Kaunti nyingi haziwezi kulinganishwa na 1989 moja kwa moja; lazima ushuke hadi tarafa na lokesheni uzipange upya. Lamu ina bahati, kwa kuwa ilikuwa wilaya ya peke yake tangu zamani, kwa hiyo jedwali la 1989 linaipata vizuri. Lakini kupatana kwa mipaka hakumaanishi asilimia za 1989 bado zinafaa. Tazama idadi yenyewe: 42,299 mwaka 1979, 56,783 mwaka 1989, 72,686 mwaka 1999, 101,539 mwaka 2009, kisha 143,920. Kati ya 2009 na 2019 Lamu ilikua kwa karibu asilimia 42, wakati Kenya nzima ilikua kwa asilimia 23, kutoka 38,610,097 hadi 47,564,296. Pengo kama hilo halitokani na uzazi peke yake, watu wamehamia. Na wahamiaji hawaji kwa uwiano ule ule wa makabila waliokuta. Anayechukua asilimia za 1989 na kuzizidisha na idadi ya 2019 anawahamisha watu ambao hawakuhama na kuwafuta waliofika.

Jambo la tatu hapa ni usiku wa sensa. Kenya huhesabu waliolala mahali usiku huo, na 2019 ulikuwa usiku wa Agosti 24 kuamkia 25. Agosti ni kusi na ni likizo ya shule. Bahari imechafuka, kwa hiyo wavuvi waendao mbali wakati wa kaskazi wengi wako nyumbani. Wanafunzi wa bweni wamerudi kwao. Wafugaji wa Kiorma hufuata maji na malisho, na mpaka wa Lamu na Tana River hauwazuii. Vibarua wa ujenzi wa bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, walihesabiwa walikolala. Hakuna ubaya katika hilo. Liandike tu chini ya jedwali. Wakazi wa kudumu na waliolala hapo si hesabu moja.

Tatu, fahamu orodha ya kodi za kabila kabla ya kuitumia

Karani wa sensa huandika kodi moja, yaani namba ya utambulisho, kwa kila mtu. Kwa Mkenya ni kabila, kwa mgeni ni uraia. Waarabu wa Kenya, Wakenya wenye asili ya Asia na wenye asili ya Ulaya wamo katika orodha hiyo hiyo ya makabila. Kenya haina swali la rangi lililo peke yake kama Marekani. Na tofauti na Marekani, ambako tangu sensa ya 2000 mtu anaweza kuchagua rangi zaidi ya moja, hapa mtoto wa baba Mbajuni na mama Mgiriama anaandikwa mara moja. Kwa kawaida anayejibu ni mkuu wa kaya, na anajibu kwa niaba ya wote.

Hapa ndipo Pwani inapowaponza wengi. Sensa ya 2009 ilitoa Waswahili 110,614 kwa nchi nzima. Ya 2019 ikatoa 56,074. Hakuna nusu ya Waswahili iliyokufa wala kuhama. Mwaka 2009 Wabajuni walikuwa ndani ya jumla ya Waswahili. 2019 wakawa na mstari wao. Ukichora grafu ya mistari hiyo miwili bila kusoma vijisehemu vyake utatangaza msiba ambao haupo. Wakati huo huo Waarabu wa Kenya walipanda kutoka 40,760 hadi 59,021, na kuna familia Lamu ambazo leo zinajiita Waswahili, kesho Waarabu, kesho kutwa Waamu, kutegemea anayeuliza ni nani na kwa nini. Zote ni kweli kwao.

Makundi madogo yanayumba hata zaidi. El Molo wa Marsabit walikuwa 2,844 mwaka 2009 na 1,104 mwaka 2019. Kwa kundi la ukubwa huo, makarani wachache walioandika kodi ya kabila la majirani wanatosha kubadilisha kila kitu.

Kwa hiyo kabla ya kugusa hesabu andika ukurasa mmoja wa fasili. Kwa Lamu tungependekeza mistari hii: Wabajuni, Waswahili wengine pamoja na Waamu, Waarabu, Waaweer, Wasanye, Waorma, Wapokomo, Mijikenda, Wakikuyu, Wakamba, Wameru, Wajaluo, Waluhya, Wasomali, Wakenya wengine, wasio Wakenya. Kisha weka mstari wa pili unaojumlisha Wabajuni na Waswahili wengine, ili msomaji anayelinganisha na 2009 asipotee. Usiandike "Waboni" kwa Waaweer kwa sababu orodha fulani ya zamani iliandika hivyo; wenyewe wengi hawalipendi jina hilo. Na usiwatupe kwenye "wengine" eti ni wachache. Katiba, ibara ya 56, inaitaka serikali iweke mipango ya makundi madogo na yaliyotengwa, na kundi lisiloonekana kwenye jedwali halipangiwi kitu.

Nne, tafuta mipaka ya juu na ya chini kwa hesabu tupu

Hatua hii haigharimu hata shilingi, na watu wengi huiruka.

Lamu Mashariki, yaani Faza, Kiunga na Basuba, ni watu 22,258, asilimia 15.5 ya kaunti. Hata kama kila mtu huko angekuwa Mbajuni, na sivyo kwa kuwa wadi ya Basuba ni ya Waaweer, hiyo ingekuwa asilimia 15.5 tu. Anayetazama ramani huona visiwa na pwani ndefu hadi mpakani na Somalia, akadhani amekwishaona kaunti. Ramani inahesabu ardhi, na wewe unahesabu watu.

Sasa geuza swali. Ili kabila lolote lifikie nusu ya Lamu linahitaji watu 71,960. Tuseme limechukua Lamu Mashariki yote. Bado linahitaji 49,702 upande wa Magharibi, yaani asilimia 41 ya wadi za Shella, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu na Bahari kwa pamoja. Na kabila lisilo na mtu Mashariki linahitaji asilimia 59 ya Magharibi. Ukiwa na namba hizo mbili mkononi, madai mengi ya mikutanoni unaweza kuyapima papo hapo.

Pia inakuonyesha pa kuweka nguvu. Pointi moja ya asilimia Lamu Mashariki ni watu 223. Magharibi ni watu 1,217. Ukikosea kwa pointi tano Faza, jedwali halitikisiki. Ukikosea kwa pointi tano katika wadi za eneo la Mpeketoni, lililo huko Magharibi, kabila la kwanza na la pili yanaweza kubadilishana nafasi. Bajeti ya nyanjani igawanywe kwa kufuata idadi ya watu, wala si ugumu wa safari.

Tano, omba jedwali rasmi huku ukiendelea na kazi

KNBS inayo majibu ya kila kaunti, haikuyachapisha tu. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinampa raia haki ya kuomba, na taasisi inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Ukikataliwa, una siku 30 za kuomba mapitio kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala.

Barua nzuri ni fupi. Omba jedwali la kodi za kabila kwa kaunti ndogo mbili, sensa ya 2019, na useme mwenyewe kwamba kisanduku chochote chenye watu chini ya 10 kifichwe. Usiombe data ya kaya kwa kaya. Utanyimwa, na kwa haki, kwa sababu Sheria ya Takwimu inalinda siri ya anayehesabiwa. Usiombe pia "taarifa zote kuhusu makabila ya Lamu". Ombi pana hujibiwa kwa barua inayokuelekeza kwenye Juzuu ya IV, ambayo tayari unayo.

Usikae kusubiri. Endelea na hatua ya sita na ya saba; jibu likija litakuwa kipimo cha kazi yako.

Sita, tumia KDHS lakini usidanganywe na ukubwa wake

Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya (KDHS) huuliza kabila, na ile ya 2014 na ya 2022 zilipangwa ili kila kaunti ipate makadirio yake. Data hutolewa bure kwa anayejisajili na kueleza mradi wake. Safu ya kabila ni v131. Uzito ni v005, ambao lazima uugawanye kwa 1,000,000. Ukisahau uzito utakuwa umezihesabu kaya za mjini na za shamba kana kwamba zilichaguliwa kwa nafasi sawa, na hazikuchaguliwa hivyo.

Tatizo kubwa liko kwingine. Mwaka 2022 sampuli ilipangwa kuwa ya kaya 42,300 katika maeneo 1,692, kaya 25 kwa kila eneo. Wastani ni maeneo 36 kwa kaunti. Tuchukulie mfano wa kaunti yenye wanawake 600 waliohojiwa na kabila lenye asilimia 30. Fomula ya kawaida inakupa kosa la pointi 3.7 juu na 3.7 chini. Inapendeza, lakini fomula hiyo inadhani kila mwanamke alichaguliwa peke yake. Mashambani watu wa kabila moja hukaa pamoja. Kijiji kizima kikiwa cha kabila moja, mwanamke wa pili hakuongezei habari aliyokwisha kukupa wa kwanza. Katika hali hiyo huna sampuli ya wanawake 600. Una sampuli ya vijiji 36, na kosa lako linakuwa pointi 15 kila upande. Ukweli wa kaunti yako uko kati ya 3.7 na 15, na kwa kaunti zenye vijiji vya kabila moja moja uko karibu zaidi na 15. Programu ya takwimu iambie maeneo ni yapi, kwa safu ya v021, ndipo ikupe kosa halisi.

Mambo mengine mawili. Wanaohojiwa ni wanawake wa miaka 15 hadi 49 na wanaume wa 15 hadi 54. Watoto hawamo, kwa hiyo jamii yenye watoto wengi inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Na usijaribu kuyapeleka maeneo hayo kwenye ramani ili kujua kijiji: alama za mashambani husogezwa makusudi hadi kilomita 5, chache hadi 10.

Saba, nenda nyanjani na kokoto

Juzuu ya II ya sensa inakupa idadi ya watu hadi lokesheni ndogo. Hiyo ni mifupa. Nyama yake ni uwiano wa makabila katika kila lokesheni ndogo, na huo unaupata kwa wanaojua.

Anza na vibali: leseni ya utafiti ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI), barua kutoka kwa kamishna wa kaunti, kisha ripoti kwa chifu kabla ya kuonana na mtu yeyote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka asili ya kabila katika data nyeti, kwa hiyo usiandike jina la mtu, namba ya simu wala alama ya nyumba. Hapa hupigi sensa, unauliza uwiano. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, mtu anayezunguka na daftari akiandika kabila la kila nyumba si mtafiti machoni pa wenyeji, na wana haki ya kumtilia shaka.

Kwa kila lokesheni ndogo tafuta watu watatu na uwaone mbalimbali, wasisikizane: naibu wa chifu, mwalimu aliyekaa hapo muda mrefu, na mhudumu wa afya ya jamii. Huyu wa mwisho ndiye hazina, maana kila mmoja hushughulikia kaya kama 100 na huingia ndani ya nyumba zenyewe. Usimwombe rejista yake ya afya. Mwombe makadirio tu.

Mbinu ni hii. Tandika mkeka au kipande cha turubai, weka kokoto 20. Upande wa Hindi na Mpeketoni korosho mbichi hufaa pia, ila ziwe za ukubwa mmoja. Mwambie: "Hizi ndizo watu wote wa hapa. Nigawie kwa makabila." Kokoto moja ni asilimia tano. Usimtajie kabila lolote. Ukitaja la kwanza, fungu lake litakuwa kubwa. Akimaliza, nyamaza kidogo. Wengi hurudisha mkono wenyewe na kusogeza kokoto moja au mbili, na mgawo wa pili huwa bora kuliko wa kwanza. Kundi linalojulikana kuwepo lakini halifikii kokoto moja liandike pembeni na uulize ni kaya ngapi.

Kisha changanya kokoto zote na uulize tena: "Sasa nigawie waliolala hapa jana usiku." Hapo ndipo tofauti hujitokeza. Mara ya kwanza wazee wengi hugawa wenye mashamba. Wapangaji, vibarua, wachunga ng'ombe wa watu na wenye vibanda sokoni huingia mara ya pili.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kuchanganya kaya na watu. Tuseme, kwa mfano tu, kijiji kina kaya 100: 60 za kundi A zenye wastani wa watu watano, na 40 za kundi B zenye wastani wa watu wawili na nusu, wengi wakiwa wafanyakazi waliokuja bila familia. Kwa kaya ni 60 kwa 40. Kwa watu ni 300 kwa 100, yaani 75 kwa 25. Uliza ukubwa wa kaya kila unapopewa hesabu ya nyumba.

Watoa habari watatu wakitofautiana kwa kokoto mbili au chini, chukua wastani. Wakitofautiana zaidi, usichukue wastani. Rudi uulize kila mmoja alikuwa akifikiria mpaka upi. Mara nyingi utakuta mmoja aliweka mtaa ambao wa pili anaamini uko lokesheni ya jirani.

Njia za mkato za kuepuka

Majina. Sajili ya wapigakura inavutia, lakini Lamu jina la Kiislamu linaweza kuwa la Mbajuni, Mwarabu, Msomali, Muorma, Muaweer au Mdigo. Kwa Wagiriama, ndugu wawili mmoja anaweza kuwa na jina la Kikristo na mwingine la Kiislamu.

Dini. Ipo kwa kaunti, na hivyo watu huigeuza kuwa kabila. Haigeuki, kwa sababu hizo hizo.

Lugha. Kiswahili ndicho cha wote; kijana aliyezaliwa Witu wa wazazi Wapokomo anaweza asiwe na lugha nyingine.

Mahali pa kuzaliwa. Majedwali ya uhamaji yanafaa kuonyesha waliofika karibuni, lakini mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta huko Mpeketoni ulianza mapema miaka ya 1970. Wajukuu wa walowezi wale wamezaliwa Lamu na kwenye jedwali hilo ni wa Lamu kama mtu wa Siyu. Kinyume chake, Mbajuni aliyezaliwa Mombasa kwa wazazi waliokimbia bara ya Kiunga wakati wa vita vya Shifta anaonekana mgeni.

Nane, jumlisha na uandike kwa mapana

Kwa kila lokesheni ndogo zidisha idadi ya 2019 na uwiano wa chini, wa kati na wa juu uliopewa. Mfano wa kubuni: lokesheni ndogo yenye watu 4,000, kundi A limepewa kokoto 7, 8 na 9. Andika 1,400, 1,600 na 1,800. Jumlisha safu za kati za lokesheni zote. Safu za chini na za juu usizijumlishe tu, maana haiwezekani kila mtoa habari awe amekosea upande mmoja. Ukifanya hivyo utapata mapana, yaani nafasi kati ya makadirio ya chini na ya juu, makubwa mno yasiyosaidia. Chukua nusu ya tofauti ya juu na chini kwa kila lokesheni, iinue kipeo cha pili, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Hiyo ndiyo kosa la jumla.

Linganisha na KDHS. Mapana mawili yakiingiliana, vizuri. Yasipoingiliana kwa kundi fulani, tafuta wapi: mara nyingi ni kundi linaloishi mahali pamoja na sampuli ya KDHS ikaliruka lote, au ikaliangukia mara mbili. Kwa Waaweer, walio katika vijiji vichache kama Basuba, Milimani, Mangai, Kiangwe, Mararani, Bargoni na Pandanguo, usitumie KDHS kabisa. Hesabu kijiji kwa kijiji, na ukumbuke kwamba operesheni ya usalama katika msitu wa Boni, iliyoanza 2015, iliwahamisha baadhi ya wakazi. Uliza walipo sasa, wasihesabiwe mara mbili au wasihesabiwe popote.

Jedwali la mwisho liwe na safu hizi: kundi, makadirio ya chini, ya juu, mwaka wa msingi, na chanzo. Asilimia ziwe namba nzima, "asilimia 23.47" ni uongo wa desimali kwa makadirio ya kokoto. Ukurasa wa fasili uambatanishwe. Jedwali la lokesheni ndogo libaki kwako. Hadharani toa la kaunti na la kaunti ndogo, na kisanduku chenye watu chini ya 10 kifiche.

Kwa bodi inayotaka kujua "kabila kubwa" ni lipi, jibu kwa njia mbili tu. Kama pana la kundi la kwanza haliingiliani na la pili, litaje kundi hilo. Kama yanaingiliana, sema yanaingiliana, na upendekeze nafasi zigawiwe kwa namna ambayo sharti la asilimia 30 litatimia kundi lolote kati ya hayo mawili likichukuliwa kuwa kubwa. Kwa nafasi 40, maana yake lisiwepo kundi lenye zaidi ya 28.

Hifadhi lahajedwali yenye fomula zake, isiwe PDF, pamoja na tarehe ya kila mahojiano na hesabu ya kokoto kama ilivyotolewa. KNBS ikijibu barua yako, au matokeo ya sensa ya 2029 yakitoka, atakayekurithi dawati atabadilisha visanduku vya idadi na kuona papo hapo makadirio yapi yalishika na yapi yaliteleza.